Kurekebisha Fokasi na Mpangilio wa Lenzi kwenye Kamera ya Stereo ya Sputnik: Mwongozo Kamili

Filamu ya kwanza niliyopiga kwa Sputnik ya mjomba, kamera ya stereo inayopiga picha mbili kwa pamoja, moja kwa kila jicho, niliiona nzuri kwa wiki mbili. Kila jozi ya picha niliiweka kwenye kiangalizi, nikatia macho, na ngalawa za Tanga zikasimama mbele yangu kila moja mahali pake, mlingoti wa mbele umeachana na wa nyuma. Siku moja nikafumba jicho la kushoto. Picha ya kulia ilikuwa kama imepigwa kupitia chandarua. Nikafumba la kulia: ya kushoto kali, kamba za mlingoti zinahesabika. Kumbe wiki zote mbili akili ilikuwa inachota ukali upande mmoja na kuufunika upande wa pili.

Ndiyo maana hitilafu ya fokasi, yaani umbali ambao lenzi inatoa picha kali, kwenye kamera ya stereo hukaa miaka bila kujulikana. Kamera ya kawaida ikipoteza fokasi, picha ya kwanza tu inakuambia. Ya stereo inaweza kuwa nusu mbovu, na mwenye nayo akaishia kulalamika kwamba kichwa kinamuuma kila akitazama picha zake. Kwa hiyo katika mwongozo huu tutapima lenzi moja moja, kwa jicho moja, kabla ya kuzilinganisha. Ukiruka hapo, mengine yote ni kubahatisha.

Nazungumzia Sputnik kwa sababu ndiyo niliyoifungua na kuifunga mara nyingi, na kwa sababu ina kila ugonjwa ambao kamera za aina hii zinaweza kuupata. Ilitengenezwa Leningrad, Umoja wa Kisovieti, kuanzia katikati ya miaka ya 1950, katika kiwanda kilichoitwa GOMZ na baadaye LOMO. Mjomba alirudi nayo kutoka masomoni huko miaka ya 1970, ikakaa kabatini hadi nilipoiomba.

Kama yako ni Stereo Realist, ile ya kampuni ya David White ya Milwaukee, Marekani, iliyoanza kuuzwa 1947, jua kwamba yenyewe haisogezi lenzi kabisa. Kitufe chake cha fokasi kinasogeza filamu mbele na nyuma. Sehemu ya meno na pete haitakuhusu, ila vipimo vya kioo cha ukungu (kioo kilichosagwa kinachowekwa mahali pa filamu ili uione sura) na vya kimo (kama lenzi moja imekaa juu ya nyingine) vitakufaa vilevile.

Namna lenzi tatu zinavyotegemeana

Sputnik ina lenzi tatu mbele. Mbili za pembeni ndizo za kupigia, aina ya T-22, milimita 75, tundu lake la mwanga likifunguliwa kabisa ni f/4.5 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana). Ya katikati ni ya kutazamia tu. Mwanga wake unapandishwa na kioo cha ndani hadi kwenye kitazamio cha juu. Filamu ni ya 120, na roli moja inatoa jozi sita.

Kila T-22 ina vioo vitatu. Unapozungusha fokasi, kinachosogea ni kioo cha mbele peke yake, vingine viwili vimetulia. Kioo cha mbele kikitoka nje, fokasi inasogea karibu nawe. Kikiingia ndani, inakwenda mbali. Msogeo wenyewe ni mdogo mno, lakini unahamisha fokasi mita nyingi. Hapo ndipo udhaifu ulipo: pete ikiteleza kidogo tu, upande mmoja umeshaachana na mwenzake.

Kila lenzi imevishwa pete yenye meno kama gia. Pete za pembeni zinashikana na ya katikati, hivyo ukizungusha moja zote tatu zinazunguka. Gia mbili zinazogusana huzunguka kinyume, kwa hiyo lenzi ya katikati inazunguka kinyume na zile za pembeni, na nyuzi zake, ile mikato kama ya skrubu, zimekatwa kinyume. Usikariri kwamba kulia ni kukaza. Kila mara angalia kwa macho kama lenzi inaingia au inatoka.

Pete haikuchongwa pamoja na lenzi. Imevalishwa juu na kubanwa na skrubu tatu ndogo sana za pembeni. Hizo skrubu ndizo nafuu yetu, maana zikilegezwa unaweza kuizungusha lenzi yenyewe bila kugusa wenzake. Ndizo pia chanzo kikuu cha matatizo: zikilegea kwa miaka ya kutikisika, au fundi akizifungua bila kuweka alama, fokasi ya upande huo inapotea.

Soma filamu kwanza kabla ya kushika bisibisi

Chukua filamu iliyokwisha kusafishwa, usiikate. Iweke juu ya mwanga na uitazame kwa lenzi ya kukuzia, dirisha moja baada ya jingine. Utambue kwanza picha ipi imetoka lenzi ipi: filamu imepokea sura zilizopinduka, kwa hiyo ukizisimamisha wima, ya kushoto na ya kulia zimebadilishana nafasi. Mimi nimebandika kikaratasi cha pembe tatu, kidogo kama punje ya mchele, kwenye ukingo wa dirisha la lenzi ya kushoto, ile nafasi ya mraba ndani ya kamera ambayo filamu hupokelea picha. Kivuli chake kinatokea kwenye kila picha ya kushoto na sibabaiki tena. Wengi hukosea hapa, wakaziweka picha kinyume, wakaona mti wa mbali uko mbele ya mtu wa karibu, wakadhani lenzi zimekaa upande. Lenzi ni nzima, picha tu zimebadilishana.

Sasa tazama ukali uko wapi. Picha zote mbili zikiwa na fokasi mahali pamoja, lakini si pale ulipolenga, lenzi za kupigia zinakubaliana na mwongo ni lenzi ya kutazamia. Hilo ndilo kosa jepesi kuliko yote. Moja ikiwa kali mbali na nyingine kali karibu, pete ya upande mmoja imeteleza au kioo cha mbele kilirudishwa vibaya. Ikiwa picha moja ni kali upande mmoja na imefifia upande mwingine, shuku lenzi iliyokaa mshazari au filamu isiyolala sawasawa. Picha nzima ikiwa imepauka, weusi wake ni kijivu, huenda fokasi ni nzima kabisa na unachokiona ni kuvu, ukungu wa grisi au mwanga unaodunda ndani ya kamera. Na ukiona kila kitu kimevutwa upande mmoja, mkono ulitikisika. Mimi chini ya kasi ya 1/60 sipigi bila stendi.

Kuna moja ambayo si hitilafu. Ukipiga kitu kilicho chini ya mita 2, macho yatashindwa kukiunganisha na vitu vya mbali hata kamera ikiwa mpya. Kanuni ya wapiga picha za stereo ni kwamba kitu cha karibu kisipungue mara 30 ya nafasi iliyo kati ya lenzi, na kwa kamera yenye lenzi zilizoachana kama macho ya mtu, hiyo ni karibu mita 2. Usifungue kamera kwa kosa hilo.

Vifaa

Bisibisi ndogo za fundi saa, moja yenye ncha inayoingia barabara kwenye zile skrubu tatu; ikiwa pana au nyembamba mno itakula kichwa cha skrubu na huna pa kununua nyingine. Lenzi ya kukuzia ya mara 8 au 10. Stendi imara. Kebo ya shata yenye kufunga, ili shata, kile kizibo kinachofungua na kufunga njia ya mwanga, ikae wazi kwenye B, alama inayoiacha wazi muda wote umebonyeza. Tochi. Kalipa, au rula ya chuma yenye nusu milimita. Spiriti, pamba safi, mafuta ya laita, grisi laini kidogo sana. Na kioo cha ukungu, ambacho utakitengeneza mwenyewe.

Kioo hicho kinastahili uangalifu kuliko kifaa kingine chochote, kwa sababu ndicho kitakachosimama mahali pa filamu. Nenda kwa mafundi wa fremu za picha, waombe wakukatie vipande viwili vya kioo cha milimita 2, upana usiozidi wa filamu ya 120, yaani karibu milimita 61, na urefu wa kufunika madirisha yote mawili. Kwenye duka la spea za magari nunua kopo dogo la pesti ya kusagia valvu, ile laini. Paka kidogo juu ya kioo kimoja, dondoshea maji, weka kioo cha pili juu, usage kwa mwendo wa nane kwa dakika 10 hadi 15. Utasikia sauti ikianza kama mchanga chini ya kiatu, kisha inapungua hadi kuwa kama karatasi inayopapaswa. Osha. Uso utakuwa mweupe sawasawa kama maziwa yaliyotiwa maji. Ukiona madoa yanayong'aa, endelea kusaga.

Watu hutumia selotepu nyeupe isiyong'aa iliyobandikwa juu ya rula. Inafaa kwa haraka, lakini tepu hubonyea katikati, na kwa f/4.5 hata sehemu ya kumi ya milimita inaonekana kwenye kipimo. Saga kioo.

Hatua ya 1: Safisha, kaza, halafu weka alama

Pwani yetu ina unyevu, na lenzi iliyokaa kabatini miaka 30 haikosi kuvu. Mulika tochi kutoka nyuma, shata ikiwa wazi, utazame kwa mshazari. Nyuzi nyembamba kama mizizi ya nyasi ndiyo kuvu. Ikiwa juu ya uso, spiriti kwenye pamba huiondoa. Ile sugu inahitaji maji ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, yapakwe kwa pamba na kuachwa dakika chache. Kuvu ikishaula mpako wa lenzi, alama haitoki. Usizidi kusugua.

Kisha fungua mlango wa nyuma, uguse sehemu ya nyuma ya kila lenzi ya kupigia kwa kidole kilichofunikwa kitambaa safi. Ikizunguka, imelegea, na hapo umepata kosa ambalo kwa mbele halionekani hata kidogo. Ikaze kwa mkono hadi ikome. Niliwahi kupima kamera ya rafiki kwa jioni nzima kabla ya kugusa hapo. Nusu mzunguko ndio uliokuwa umekosekana.

Sasa alama. Zungusha fokasi hadi alama ya mbali kabisa, ile ya nane iliyolala, upige picha kwa simu kutoka mbele, karibu, meno yote yaonekane. Kwa sindano au penseli nyeupe, chora mstari mfupi unaovuka kutoka pete moja hadi pete ya jirani kwenye kila mahali zinapogusana. Usifungue skrubu yoyote kabla ya hapo.

Hatua ya 2: Kutoa pete na kulainisha nyuzi

Legeza skrubu tatu za kila pete, zamu kwa zamu, bila kuzitoa kabisa. Robo tatu ya mzunguko kwa kawaida inatosha. Pete itavutika kuja mbele. Isipokuja, usitumie koleo. Tone la mafuta ya laita kwenye mfereji, ngoja, jaribu tena.

Grisi ya zamani hukauka ikawa kama gundi ya sapatu. Ukizungusha kwa nguvu, kioo cha mbele kinaweza kukubali kidogo kisha kikagoma katikati ya nyuzi. Weka mafuta ya laita kwa ncha ya kijiti, kidogo kidogo, kamera ikiwa imelala kifudifudi ili yasitiririke kwenye bapa za shata. Subiri nusu saa. Kioo kikizunguka kwa vidole viwili, endelea, kisipozunguka, rudia.

Ukilazimika kukitoa kabisa, sikiliza na uhisi pale nyuzi zinapoachia, uweke alama hapohapo: nukta juu ya lenzi na nukta juu ya mwili, zikiwa zimekabiliana. Nyuzi za aina hii mara nyingi zina milango zaidi ya mmoja ya kuanzia. Ukiingiza kwa mlango usio wake, lenzi itazunguka vizuri, itaonekana imekaa sawa, lakini pete haitaweza tena kufika mwanzo na mwisho wa mizani ya umbali kama inavyopaswa. Na kamwe usichanganye kioo cha kushoto na cha kulia. Lenzi za stereo zinahitaji urefu wa fokasi uliolingana. Tofauti ya asilimia 1 tu, ukingoni mwa picha, milimita 28 kutoka katikati, inazaa mwachano wa karibu milimita 0.3 kati ya picha mbili. Kamera moja niliyoletewa ilikuwa imepita kwa fundi aliyezibadilisha bila kujua. Katikati ya picha palikuwa salama, kwenye pembe macho yalikataa.

Safisha nyuzi, pakaa grisi kiasi cha kichwa cha sindano, rudisha.

Hatua ya 3: Kila lenzi na umbali wake

Hii ndiyo kazi yenyewe. Fungua mlango wa nyuma, kamera juu ya stendi, shata kwenye B imefungwa kwa kebo, tundu f/4.5. Kioo cha ukungu kikae juu ya reli zile ambazo filamu inazilalia, si zile za nje zinazoshika bamba linaloikandamiza filamu, na uso uliosagwa uelekee lenzi. Kishike kwa tepu pande mbili. Ukigeuza uso wake umeshakosea zaidi ya milimita 1 nzima.

Lenga kitu cha mbali. Kwa lenzi ya milimita 75, kitu kilicho mita 200 na zaidi kinatofautiana na "mbali kabisa" kwa chini ya milimita 0.03 kwenye filamu, kwa hiyo mnara wa simu ng'ambo ya mtaa unafaa, mnara wa msikiti unafaa, na nguzo zenye nyaya nyembamba zinafaa zaidi. Jifunike kichwa na kamera kwa kitambaa cheusi au khanga iliyokunjwa mara mbili. Weka lenzi ya kukuzia juu ya kioo. Sura itakuwa imepinduka.

Zungusha kioo cha mbele cha lenzi ya kushoto pole pole hadi nyaya ziwe kali, pita, zianze kufifia, weka alama. Rudi, pita upande wa pili hadi zianze kufifia, weka alama. Mahali pako ni katikati ya alama hizo mbili. Jicho halijui vizuri pale penye ukali kamili, linajua zaidi pale ukali unapoondoka. Rudia mara 3. Alama zikiangukia mahali tofauti kila mara, kioo chako hakikulala vizuri juu ya reli. Kisha ufanye hivyohivyo kwa lenzi ya kulia, bila kujali pete ya kushoto inasema nini.

Kuna njia ya pili ambayo mimi huitumia kuthibitisha, na inafanyika chumbani hata usiku. Chukua kamera nyingine yenye lenzi ndefu, milimita 135 au 200. Nje, mchana, ilenge kwenye mnara wa mbali, ipate ukali kamili, ubane pete yake ya fokasi kwa tepu isisogee. Ndani, badilisha kioo cha ukungu cha Sputnik kwa kioo safi chenye mikwaruzo myembamba ya wembe upande wa lenzi, ukimulike kwa nyuma na tochi kupitia karatasi nyeupe. Sasa kamera hizo mbili zitazamane, lenzi kwa lenzi, karibu utakavyo. Ukitazama kupitia hiyo kamera ya pili utaiona ile mikwaruzo. Ikiwa mikali, lenzi ya Sputnik imewekwa mbali kabisa, sawasawa.

Ikiwa imefifia, toa tepu na uzungushe fokasi ya kamera ya pili kuja karibu. Mikwaruzo ikijitokeza, kioo cha mbele cha Sputnik kimeingia mno: kitoe nje kidogo. Ikiwa inazidi kupotea, kimetoka mno: kiingize. Kumbuka kuirudisha kamera ya pili kwenye alama yake kabla ya kupima tena. Njia hii inakuza kosa, kwa hiyo unaona hata lile ambalo kioo cha ukungu kilikuficha. Lenzi zote mbili zikipita kipimo hiki, umemaliza sehemu ngumu.

Hatua ya 4: Kurudisha pete

Hapa subira ndiyo inayookoa. Lenzi mbili za pembeni zimekaa mahali pake pa mbali kabisa. Bila kuzigusa, valisha pete ya kushoto alama yake ya nane iliyolala ikiwa kwenye mshale, meno yakiwa yameshikana na ya katikati. Kaza skrubu ya kwanza kidogo, ya pili kidogo, ya tatu kidogo, kisha zungukia tena. Ukikaza moja hadi mwisho, itaisukuma lenzi pembeni. Fanya hivyo kwa pete ya kulia. Meno yakikataa kuingia, lenzi ya katikati ndiyo ya kulegezwa ikubaliane, si za pembeni.

Sasa zungusha fokasi hadi mita 2, na uweke ukurasa wa gazeti ukutani, mita 2 kutoka kwenye filamu. Kipimo hicho kifanye kwa utepe wa kupimia uliovutwa vizuri. Tazama kioo cha ukungu, kushoto kisha kulia. Herufi ndogo zisomeke kote. Zikisomeka upande mmoja tu wakati mbali zote zilikuwa sawa, upande uliofifia uliingia kwa mlango mwingine wa nyuzi, au meno yaliruka wakati unazungusha. Rudi hatua ya 2 kwa lenzi hiyo peke yake.

Hatua ya 5: Lenzi ya kutazamia ndiyo ya mwisho

Wengi huanza na hii kwa sababu ndiyo wanayoiona, halafu wanazivuta lenzi za kupigia zifuate. Wanakuwa wamezifuatisha shahidi asiyeaminika. Filamu haioni lenzi ya katikati hata siku moja.

Weka fokasi kwenye alama ya mbali kabisa. Legeza skrubu za pete ya katikati, uishike pete isisogee, na uzungushe lenzi yenyewe hadi mnara wa mbali uwe mkali kwenye kiduara cha ukungu kilicho katikati ya kitazamio. Usiamini eneo angavu linalokizunguka. Macho yako yanalirekebisha yenyewe. Kaza. Pima tena kwa gazeti la mita 2. Kama inakubali mbali na kugombana karibu, angalia kioo cha ndani kinachopandisha mwanga. Huachia gundi upande mmoja na kushuka kidogo.

Hatua ya 6: Kimo

Sasa lenzi zote ni kali. Bado zinaweza kuumiza macho ikiwa moja imekaa juu ya nyingine. Macho yetu yamezoea kukusanyika ndani na kuachana nje mchana kutwa, lakini hayajazoea moja kupanda na jingine kushuka.

Kwenye uso uliosagwa wa kioo, chora kwa penseli kali mstari mmoja mrefu sambamba na reli, uvuke madirisha yote mawili. Rudisha kioo. Lenga mnara wa mbali, uinamishe kamera hadi ncha ya mnara iguse mstari kwenye dirisha la kushoto. Hamia la kulia. Ncha ni lazima iguse mstari uleule. Kamera ikiwa imelala upande kidogo haidhuru, kwa sababu madirisha yote mawili yamelala pamoja.

Ukipendelea filamu, tumia ile isiyokatwa: pima kwa kalipa kutoka ukingo wa filamu hadi ncha ya mnara, picha ya kushoto na ya kulia. Macho yangu yanaanza kuchoka tofauti ikipita robo milimita. Ikipita nusu milimita, hata mgeni asiyejua kamera atakuambia picha inamsumbua.

Kosa likiwepo, tafuta sababu za kawaida kwanza: sehemu ya nyuma ya lenzi isiyokazwa, pete iliyokazwa upande mmoja ikaisukuma lenzi, skrubu za bamba la mbele zilizolegea. Vikiwa vyote vizima na tofauti imebaki ileile kwenye kila jozi, nashauri usipinde bamba wala usipasue bakelaiti, ile plastiki ngumu ya mwili wa kamera, kwa kuitafuta. Iandike tofauti hiyo na uirekebishe wakati wa kupachika picha kwenye fremu au kwenye kompyuta, kwa kuishusha picha moja kiasi hichohicho kila mara. Na kabla ya kuilaumu kamera, hakikisha fremu zenyewe ulizipachika sawa. Mara nyingi kosa la kimo ninaloletewa limefanywa na mkasi.

Hatua ya 7: Filamu ya majaribio

Kipimo cha mwisho kipigwe kwa f/4.5, maana tundu dogo linaficha makosa. Tatizo ni jua letu. Filamu ya ISO 100 (namba ya wepesi wake wa kupokea mwanga) saa sita mchana inataka f/16 kwa 1/125, na shata ya Sputnik haina kasi zaidi ya hapo, ukifungua f/4.5 utaiunguza filamu kwa mwanga wa karibu mara 13. Subiri jua likigusa upeo wa magharibi. Kwa dakika chache mwanga unafaa f/4.5 au f/5.6 kwa 1/125. Giza letu linashuka haraka, kwa hiyo stendi iwe imesimama na kipimo cha mita 2 kimeshachukuliwa.

Jozi ya kwanza: mbali kabisa. Ya pili: mita 2, gazeti ukutani. Ya tatu: safu ya chupa kumi mezani, kila moja nyuma ya nyingine kwa mshazari, fokasi kwenye ya tano. Hiyo ya chupa inaonyesha yote, kwa sababu ukiona kushoto chupa ya tano ni kali na kulia ni ya saba, unajua upande gani umesogea na umesogea kuelekea wapi. Jozi tatu zilizobaki zipige mchana kwa f/16, fokasi mita 7, hali ambayo kila kitu kuanzia mita 3.5 hadi mbali kabisa kinapaswa kuwa kali. Hivyo ndivyo utakavyopiga picha zako nyingi.

Ikiwa picha za mchana zimepauka ilhali za jioni ni safi, tumbo la kamera linang'aa. Bakelaiti ya ndani ya Sputnik inadunda mwanga vibaya. Kata karatasi nyeusi ya mahameli, ubandike kuta zote za vyumba viwili na pande zote za ukuta unaovitenganisha, bila kugusa reli wala kuziba kona ya dirisha. Kwenye kamera ya mjomba kazi hiyo ilibadilisha picha kuliko hata fokasi: weupe wa matanga ukaacha kumwagikia mbinguni.

Filamu ikikubali, weka tone dogo la rangi ya kucha juu ya kila skrubu ya pete. Andika kwenye kikaratasi tofauti ya kimo uliyoipata, lenzi iliyo juu, na mwaka, ukiweke ndani ya mkoba wa kamera pamoja na kifuko cha silika cha kunyonya unyevu.